Siku Ndege ya Marefu Ilipogaragara

Juzi jamaa anayenikatia nyasi hapa kwangu Kibomet alikuwa akijaza petroli kwenye mashine yake, ikamwagika juu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, bado yana umande. Harufu ikapanda. Nilikuwa nimeketi barazani na chai yangu. Nikaweka kikombe chini kwa kishindo, maana harufu ile naijua tangu utotoni. Jamaa akafikiri nimemkasirikia.

"Pole mama, nitamwaga maji."

Nikamwambia aache. Sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilikuwa nimemkasirikia Wekesa, na Wekesa tumemzika juzi juzi tu, kule Lugulu.

Mtu akisoma hapa ataniuliza, mama mzima kama wewe, mwenye nyumba za kupangisha na lori mbili za mahindi, unamwonea marehemu wivu? Ndiyo, ninamwonea. Mimi sikusoma sana, lakini kudanganya kwa maandishi ni kazi nisiyoitaka uzeeni. Nyinyi wa rika langu mtanielewa, kwa sababu kila mmoja wenu yuko na mtu aliyekalia kiti chake.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Endebess, katika laini za wafanyakazi, nyumba za udongo zilizopangwa kama meno. Jina la huyo mzungu halikutuhusu. Tulimwita Marefu kwa sababu ya miguu yake, na wale wa kwetu Bungoma ambao ulimi wao hauipendi r walimwita Malefu. Aliitikia yote mawili. Alikuwa na ndege ndogo nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni, magurudumu matatu, na ndani viti viwili: chake na cha mgeni. Alikwenda nayo Nairobi kama vile mimi ninavyokwenda sokoni. Akirudi alizunguka juu ya laini mara mbili, chini kabisa, mpaka kuku wanaingia uvunguni. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Wote tulikimbia kufukuza ng'ombe, maana kiwanja chenyewe kilikuwa malisho tu: nyasi fupi, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni kuonyesha mpaka, na soksi kubwa ya kitambaa juu ya mlingoti ya kuonyesha upepo unakotoka.

Mlinzi wa kiwanja alikuwa baba yangu. Na adui yake hakuwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe unamwona. Adui yake alikuwa fuko, yule mnyama kipofu anayechimba chini kwa chini. Mnaolima Trans-Nzoia mnamjua. Anakula viazi vyako kutoka chini huku wewe unapalilia juu. Fuko akipitisha njia yake chini ya nyasi huoni kitu, lakini gurudumu la ndege likipita hapo linazama. Kwa hiyo kila alfajiri ya siku ambayo Marefu angeruka, baba alikitembea kiwanja miguu mitupu, polepole, akigonga kisigino, akisikiliza kwa nyayo. Ardhi iliyo tupu ndani haiitikii kama iliyojaa. Taabu ni kwamba nyayo za baba zilikuwa zimeshakuwa ngumu kama kwato. Zangu zilikuwa bado laini. Akaanza kunichukua, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia, katikati umande. Nikisikia uwazi nilisimama pale pale kama nguzo na kuita, "Papa, hapa!" naye akaja na jembe lake na mtego wa fito.

"Huyu msichana ana miguu yenye masikio," aliwaambia wenzake siku moja pale kwenye ghala.

Baba hakuwa mtu wa kusifu. Neno hilo nililala nalo wiki nzima kama mtu aliyelala na mkate.

Sasa siku moja Marefu akamwambia baba kwamba kabla mvua haijaanza atampeleka mtoto wake mmoja juu, azunguke naye mpaka Bungoma na kurudi. Ni asante ya kiwanja. Baba akaja nyumbani akasema, "Kiti ni kimoja." Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Mimi hata sikufikiria kuuliza. Nilidhani kiti cha ndege kinagawanywa kama nyama ya mtego: aliyetega ndiye anayekula.

Hapo katikati ndipo Wekesa akaja.

Baba yake alikuwa mdogo wa baba yangu. Alifia kwao Lugulu, na mama yake akabaki na mzigo mkubwa, kwa hiyo Wekesa akaletwa kwetu. Tulikuwa rika moja. Mimi ni Nanjala, jina la msimu wa njaa. Yeye ni Wekesa, jina la mavuno. Hata hapo alinitangulia. Alifika na sweta ya misheni iliyotoboka viwiko, mpole, macho makubwa kama ya ndama, na watu wote wakampenda bila kazi yoyote. Nafasi yangu karibu na moto ikawa yake. Mama alimwekea maziwa ya juu, yale yenye mafuta. Nikinung'unika, baba alisema maneno yake: "Mtoto wa marehemu hali mwisho." Kwetu mwanamume hapimwi kwa jinsi anavyolisha watoto wake, hao hata kuku analisha. Anapimwa kwa mtoto wa ndugu aliyekufa. Leo najua hivyo. Wakati ule nilijua tu kwamba maziwa ya juu yameniacha.

Asubuhi alitufuata kiwanjani. Miguu yake haikusikia kitu. Angeweza kusimama juu ya pango na asijue. Lakini alikuwa na masikio mazuri ya kichwani, na mimi nilikuwa na mdomo. Nilimweleza nitakavyoona nikiwa juu. Mlima Elgon utakuwa kama kuku aliyeatamia mayai, mawingu ndiyo mabawa. Mto Nzoia utakuwa uzi wa kushonea ulioanguka kutoka mkononi mwa mtu. Ng'ombe watakuwa kunde zilizomwagika. Na mabati ya misheni kwao Lugulu yatanikonyeza, moja, halafu lingine, kama watu wanaojua siri.

"Umeyaona lini?" aliniuliza.

"Nimeyafikiria."

"Kufikiria si kuona, bana."

"Ngoja nipande. Utaniambia."

Akacheka. Halafu akasema, "Rudia ile ya Lugulu."

Nikarudia. Nilirudia kila asubuhi, mjinga mimi, nikimlisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikuwa tukila. Baba akanawa mikono, akapangusa kwenye suruali, akasema kama mtu anayesema kesho kuna soko, "Wekesa ndiye atapanda."

Mama aliangalia sufuria. Wekesa aliangalia mama. Mimi nikasema, "Lakini miguu ni yangu."

"Ni yako," baba akasema. "Na baba ni wako pia. Yeye hana. Kiti ni kimoja, Nanjala."

Sikulia mbele yake. Alfajiri akaniamsha kama kawaida, akasema, "Leo sikiliza vizuri. Ndugu yako atakuwa ndani." Na mimi nilisikiliza. Niliutembea upande wangu wote nikilia bila sauti, na sijawahi kusikiliza vizuri hivyo tena mpaka leo. Wivu ukiwa mkali unanoa masikio. Nilitaka ndege ipae na itue salama, na mtu mmoja tu, hata mmoja, aseme kiwanja hiki kimetembewa na Nanjala.

Walimvalisha sweta yangu ya bluu. Ati juu kuna baridi. Sweta pekee niliyokuwa nayo, iliyonunuliwa mpya. Marefu akamfunga mkanda kifuani, akafunga mlango, ile kitu ikakohoa, ikatetemeka, ikakimbia mbele ya mawe meupe na kuiacha nchi. Wekesa hakuniangalia. Ikawa nzi, ikawa nukta, ikaingia upande wa Bungoma. Watoto wengine wakarudi kucheza. Mimi nikakaa chini ya mlingoti wa soksi.

Ni pale nilipoona soksi imegeuka. Asubuhi ilielekea mlimani. Sasa ilikuwa imelala upande mwingine, inachapa kama nguo kwenye kamba. Sikujua maana yake. Nilisikia mlio, ikazunguka mara mbili, tukafukuza ng'ombe. Ikaja imeinama, bawa moja chini, ikienda kombo kama kaa wa mtoni. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, upepo ukaisukuma nje ya mawe meupe mpaka kule ng'ombe wanakolala, na gurudumu la mbele likazama. Pua ikaingia ardhini. Mkia ukapanda polepole, kama mtu anayefikiria kama asimame au akae. Halafu yote ikageuka chali, magurudumu juu.

Shambani tulikuwa na punda wa kubeba maji. Punda yule akituliwa mzigo alikwenda kwenye vumbi na kugaragara, miguu hewani, kwa raha ya kufika nyumbani. Mimi nikaona ndege chali, magurudumu bado yanazunguka hewani, nikafikiri: tazama, nayo imefurahi. Inagaragara. Na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni, mbele ya hofu, mbele ya kila kitu, ni hiki: hata hilo wamempa yeye.

Halafu mama akapiga ukemi. "Mayi we! Mayi we!" Ndipo nikaona baba anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikimbia. Alikimbia akipaza sauti, "Zimeni viko! Msije na moto!" kwa sababu mafuta yalikuwa yakitiririka kwenye nyasi zilizochanika, na hiyo ndiyo ile harufu. Marefu alitoka kwa kutambaa, mkono mmoja unaning'inia kama si wake, akitukana kwa Kiingereza. Wekesa alikuwa ndani, kichwa chini, amening'inia kwenye mkanda kama popo. Baba akaingia na panga, akaukata mkanda, akamdaka. Paji la uso lilikuwa limepasuka, damu imeshukia kwenye sweta yangu.

Baba akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Njia yote. Mimi tangu nilipojua kutembea sikuwa nimebebwa na mtu. Nilifuata nyuma, nikiangalia miguu ya Wekesa ikicheza kwenye kiuno cha baba, na nikatamani paji la uso langu lipasuke.

Jioni ile kuku alichinjwa. Siku zile, wenzangu mnakumbuka, mwanamke na msichana hawali kuku, na firigisi ni ya mwenye nyumba peke yake. Ukitaka vita nyumbani, poteza firigisi. Baba aliitoa kwenye bakuli lake, akaiweka kwenye mkono wa Wekesa. Watu wote waliona. Nimekula firigisi nyingi tangu nipate pesa zangu, hapa mezani kwangu, na hakuna mwanamume anayethubutu kuniuliza. Hakuna hata moja iliyokuwa na harufu ya ile.

Watu walikuja kutoka laini zote na mashamba ya jirani kumwona mtoto aliyetoka mbinguni akarudi. Walishika bandeji yake. Walileta mayai. Kabla wiki haijaisha hakuna aliyemwita Wekesa. Alikuwa Ndege, na Ndege alibaki mpaka kwenye msalaba wa kaburi lake. Mimi nilirudi kiwanjani peke yangu. Nikafuata alama za magurudumu kwenye nyasi mpaka pale lile la mbele lilipozama, nikarudi nikamshika baba mkono, nikamleta.

"Ni nje ya mawe," nikamwambia. "Si kwangu. Si kwako."

"Najua," baba akasema.

"Waambie."

Akaangalia soksi, akaangalia shimo. "Hakuna aliyeuliza."

Na kweli hakuna aliyeuliza. Marefu mwenyewe aliona alama, hakumlaumu baba. Lakini mkono wake haukupona vizuri, ndege ikaondoka juu ya trela ya trekta, na mvua ilipoanza kiwanja kililimwa mahindi. Baba akapewa kazi ya kukamua. Marefu alikuwa ameona aibu kwa yule mtoto, akaamua kumsomesha, Bungoma, mpaka akawa mwalimu. Mimi darasa la tatu lilinitosha, ati. Nikaenda kuuza mahindi ya kuchoma Kipsongo, na kutoka hapo hadithi ni yangu na si ya mtu, kwa hiyo siwaambii hapa.

Ndege aliieleza safari yake maisha yake yote. Harusini, matangani, kwenye mikutano ya wazazi shuleni kwake. Mlima kama kuku aliyeatamia. Mto kama uzi ulioanguka. Ng'ombe kama kunde. Nilikuwa nikikaa kati ya watu na kusikiliza, na wivu ukanipata mara mbili. Kwanza, kwa kuwa alipanda. Pili, kwa kuwa nilikuwa nimepatia kila kitu, sikukosea hata kimoja, na macho yaliyothibitisha yalikuwa ya mwingine. Nilikuwa nikirudi nyumbani na kuwapigia wafanyakazi kelele bure.

Mwaka huu akaugua. Alipotoka hospitali nilikwenda kumwona Lugulu, nimembebea sukari na blanketi. Binti yake, ambaye mimi ni senge wake, yaani shangazi, akatupikia kuku. Tulikuwa wawili mezani. Ndege alikuwa amekonda mpaka kovu la paji la uso limekuwa kubwa kuliko uso. Akaitafuta firigisi kwa kijiko, polepole, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hiyo ni ya mwenye nyumba," nikamwambia.

"Nyamaza, dada. Nataka kukuambia kitu." Akangoja binti atoke na bakuli. "Mimi sikuona."

"Hukuona nini?"

"Kule juu. Nilifumba macho tangu ile kitu ilipoanza kukimbia. Nilikuja kuyafungua nikiwa nimening'inia, na nikaona nyasi."

Nikamwangalia. "Na mlima?"

"Mlima ulinipa wewe."

"Na mto?"

"Pia."

"Mabati ya Lugulu? Yalikukonyeza, si ndivyo ulivyosema mpaka kanisani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hayo ndiyo niliyasema mara nyingi. Mama yangu, siku ile aliyokuja kuniona, kitu cha kwanza aliniuliza kama nimeiona nyumba yake. Ningemwambia nini? Nikampa ya kwako. Akafurahi, Nanjala. Akafurahi sana. Baada ya hapo sikujua pa kuishia."

Wengine wangelia. Mimi nilikasirika. Miaka yote hiyo nimemwonea mtu wivu kwa kitu changu mwenyewe!

"Mwizi wewe," nikamwambia.

"Kula firigisi, dada. Inapoa."

Nikala. Ilikuwa ngumu, yule binti hajui kupika.

Siku ya mazishi watu walijaa uwanja mzima, walimu, wanafunzi wake wa zamani, wenye viti na wasio na viti. Walisema aliyoyafanya. Halafu mwendesha shughuli akashika kipaza sauti akasema, "Hatuwezi kumzika Ndege bila ile ya ndege. Nani anaijua vizuri?" Binti yake akasimama. "Senge alikuwepo. Senge, tafadhali."

Nikasimama. Nawaambia ukweli, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Maneno mawili tu, alifumba macho, na lile jina la Ndege lingeanguka chali mbele ya jeneza, magurudumu juu. Nilimwona baba akinawa mikono usiku ule wa kiti kimoja. Nilimwona mama yake Wekesa, yule mjane, akiuliza nyumba yake. Nikapokea kipaza sauti.

Nikawaambia mlima. Nikawaambia mabawa yake ya mawingu. Nikawaambia uzi, na kunde, na mabati ya pale pale tulipokuwa tumesimama yakikonyeza, moja, halafu lingine, na kina mama wakageuka kuyatazama. Nikaongeza ambayo yeye hakuwahi kusema, kwa kuwa sikuwa nimempa: kivuli cha ndege kinachokimbia juu ya mahindi, kikipanda vilima na kushuka, kama mbwa anayemfuata mwenyewe na asimfikie.

Nilipomaliza, mzee mmoja wa mbele, mwalimu mwenzake, akaniuliza kwa sauti, "Mama, kwani wewe pia ulipanda?"

"Kiti kilikuwa kimoja," nikamwambia, nikaketi.